Kikombe cha Majani ya Mpera

Mashavu alichuja maji ya majani ya mpera, akayapoza, akamnywesha mumewe kikombe kizima. Tangu jana Kibwana alikuwa akijikunja kwa msokoto wa tumbo, na hakuna alichokula kikakaa. Kisha Mashavu akalaza sikio kwenye tumbo lake, kama alivyofundishwa na bibi yake, asikie kama dawa inafanya kazi.

"Linapiga ngoma kama kuna harusi," alisema.

"Basi kacheze wewe, mke wangu. Mimi miguu sina."

Wakacheka kidogo. Taratibu mngurumo ukapungua, uso wa Kibwana ukalegea, akasinzia. Mashavu akashusha pumzi, akaenda kukoroga uji, maana tumbo lililotulizwa na mpera huamka na njaa.

Jirani yao, Bi Somoe, alipochungulia mlangoni kumjulia hali mgonjwa, alimkuta Mashavu ameinama tena juu ya tumbo lile, mwiko mkononi.

"Limetulia?"

"Limetulia, Bi Somoe." Hakuinua kichwa. "Ngoja kwanza, nasikilizia njaa."

Uji wa moto ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye mwiko, tone baada ya tone, juu ya mkono wa Kibwana, na mkono haukusogea.