Dozi ya Nyumba

"Nimemfungulia mlango anayenifaa, mwizi akaingia naye. Ni nini?"

Mjukuu wangu Zaituni alicheka kitandani hospitalini, ingawa homa ilikuwa inamchoma. Jibu alilijua: ule mpira wa shingoni, wa kusafishia damu. Vijidudu vilipitia humo humo, na dawa zote vilishazizoea, ila moja.

Hiyo moja, kila nyumba hupewa dozi moja tu maisha yote. Yetu niliinywa mimi miaka sita iliyopita. Siku ya tatu nikajiona mzima, vidonge vilivyobaki nikawatilia kuku kwenye maji, maana walikuwa na ugonjwa wa mdondo. Kuku wakafa wote.

"Nyumba yako imeshapewa, bibi," alisema Sista Eliwaza, muuguzi wa wodi. "Labda mtoto aandikwe nyumba nyingine."

Akaja Bi Mwashamba, asiye na mtoto. Akamfunua Zaituni midomo, akamkagua meno kama anayenunua mbuzi.

"Kumbe daktari wa kuku ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, mwanangu."

"Basi dozi ya nyumba yangu bado ninayo. Ila akiwa wangu, ni wangu. Sitaki kukuona mlangoni."

Nikatia dole gumba kwenye karatasi ya kumwandikisha kwake.

Zaituni alianza kumezeshwa vidonge mchana ule ule. Wodini hawakuniruhusu tena, kwa hiyo siku ya nne nilichungulia dirishani. Homa ilikuwa imeshuka, mtoto amekaa kitako.

"Bibi!" akaita.

Bi Mwashamba akamgeuza shavu taratibu. "Yule si wetu, mwanangu. Kunywa uji."

Zaituni akanitazama kidogo, kisha akafumbua kinywa, akapokea uji.