Mtoto Aitwaye Nzige

"Nzige! Shuka hapo!"

Watu watatu waliokuwa wakipita mbele ya shule walisimama, wakatazama juu angani. Mmoja alijifunika kichwa kwa mkoba. Dama aliwaona, akainamisha uso. Alikwisha kuyazoea hayo, lakini leo yalimuuma zaidi.

Bintiye aliteremka kutoka juu ya lango, sare mpya imeshaingia kutu.

Ndiyo siku aliyokuwa akiiogopa. Gredi ya kwanza. Jina litakaloandikwa katika daftari la shule asubuhi hii ndilo litakalokwenda kwenye cheti cha kuzaliwa, maana Ruwa, mumewe, alikuwa bado hajakichukua. Likishaandikwa, mtoto atakwenda nalo hadi uzeeni.

Kule Chaani walikohamia mtoto akiwa mchanga, miaka mitano yote Dama hakusikia mtu mwingine mwenye jina hilo. Alichosikia ni maneno. "Mama Nzige, mwanao ashakula? Basi tufunike vyungu!" "Mama Nzige, mmoja hana neno, wakija wengi ndipo tutahama!" Hata padri siku ya ubatizo aliuliza mara tatu, kisha akaongeza Josephine bila kuombwa. Wengine walidhani kwamba mtoto kapewa jina la wale nzige waliotangazwa redioni mwaka aliozaliwa. Dama hakubisha. Huku Likoni, alikozaliwa, hawakutua hata mmoja.

Na kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Alishikwa na uchungu siku za kafyu ya korona, hapa hapa Likoni, jioni ambayo feri ilikuwa imeshafungwa. Ruwa alimkimbilia Bibi Mkunga. Kila mtu alimwita hivyo, mkubwa kwa mdogo; jina lake hasa halikutajwa. Mikono ya bibi yule ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mtaa wa Shika Adabu, ingawa yeye hakujaaliwa hata mmoja. Alipomaliza kazi alikataa kuku, akakataa leso.

"Nipe jina tu," alisema. "Huyu aitwe Nzige."

Saa ile Dama angekubali hata mwanawe aitwe Sufuria. Akaapa.

"Na ya chumba cha uzazi hayatoki nje," bibi akamalizia. "Wallahi, usimwambie mtu nani kakupa."

Hakumwambia mtu. Hakusema hata pale Kanze, mamake Ruwa, aliponuna miezi miwili. Jina la mjukuu wa kwanza wa kike lilikuwa haki yake. "Bibi asiyeachiwa somo wake, mtoto wa jina lake, hufa mara mbili," alilia Kanze, akikataa hata chai. Alitulia alipozaliwa wa pili, Kanze mdogo.

Sasa walikuwa wamerudi Likoni, na Dama alikuwa ameamua.

"Leo unaitwa Josephine," alimwambia bintiye, akimfuta kutu kwa kitambaa. "Umesikia?"

"Josephine ni nani?"

"Ni wewe."

"Na Nzige?"

"Nzige karuka, kaenda zake."

Mtoto akatazama juu angani, kama wale watu watatu.

Walipoingia langoni, Dama aligutuka. Bibi Mkunga alikuwa ameketi kwa ndani, kando ya lango, kwenye kigoda, beseni la viazi karai mbele yake. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini macho ni yale yale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu?" Akamshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku, akampa kiazi. "Na jina lake?"

"Lipo, bibi," alisema Dama, akamvuta mtoto upesi.

Mwalimu Quinter, aliyewasili jana tu kutoka bara, alikuwa ameweka meza kivulini. Foleni ya akina mama ilikuwa ndefu. Hatimaye zamu ya Dama ilifika.

"Jina la mtoto?"

"Josephine," alinong'ona.

"La," mtoto akasema, kiazi mdomoni. "Mimi Nzige. Huyo Josephine simjui."

Masikio ya Dama yalipata moto. Akangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Mama aliyekuwa nyuma yake alianza kufunga upya leso ambayo haikuwa imelegea. Mwingine akawa anatazama ndara zake. Wa tatu akakohoa.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akamtazama Dama, kisha akaitazama foleni nzima, mama mmoja mmoja.

"Mama, mimi naandika mara moja tu. Aitwe nani?"

Dama aligeuka nyuma. Kule langoni Bibi Mkunga alikuwa ameacha kuuza. Wateja wamesimama na yeye hawaoni. Amekaa tu, mikono mapajani, akiitazama meza ile kama mtu anayesubiri kusomewa barua.

"Nzige," Dama akasema. Safari hii hakunong'ona. "Andika Nzige."

Mwalimu Quinter alishusha pumzi. Alifunua kurasa za nyuma, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, midomo ikihesabu. Kisha akasimama, akaugeukia uwanja, akapaza sauti.

"Haya! Nataka Nzige wote hapa, sasa hivi!"

Walikuja mbio kutoka bombani, kutoka kwenye bembea, kutoka nyuma ya vyoo, wasichana sita na wavulana wawili, viatu vipya vikitimua vumbi.

Na kule langoni, bibi kizee alisukuma beseni la viazi kando, akashika kiuno, akainuka.

"Abee, mwalimu," akaitika. "Naja."