Mche wa Nyuma ya Tangi

Mgeni aligonga geti la Liberatus pale Ilomba akiwa na ndoo tupu na tabasamu zuri kupita kiasi.

"Shikamoo, mzee. Natoka Iringa, nimefuata mche wa pichi. Mama mwenye nyumba alisema upo nyuma ya tangi, anauimbia kila asubuhi."

Mke wa Liberatus, mwandishi ambaye makala zake huwatoa mawaziri jasho, alikuwa Dodoma akiripoti Bunge. Kabla ya kuondoka alimwomba mumewe aahidi, naye akaahidi: msomaji wake akija, apewe mche. Hakusema msomaji mwenyewe ni kijana wa kiume. Na Liberatus, anayetoka alfajiri kwenda dukani, hajawahi kumsikia mkewe akiimba.

"Anaimba nini?"

"Za Kihehe, mzee. Hunirekodia kwenye simu."

Liberatus alichukua jembe, akachimba kwa hasira. Mgeni aliinama kunusa waridi. Mzizi mkuu ulitokeza chini ya makali ya jembe, mwembamba kama kidole cha mtoto. Pigo moja tu, mche ungenyaukia huko Iringa na hakuna ambaye angejua sababu.

Alilitupa jembe, akapiga magoti, akafukua kwa vidole, taratibu, mpaka kucha zikamuuma.

Mzizi ukatoka mzima.