Vigelegele Vyangu

Bwana Mwakifuna, mwenye timu yetu ya mpira wa kikapu, alipomuuza Lukelo ili kupunguza gharama, niliapa kwamba sitaishangilia timu yake tena. Lukelo ndiye alikuwa mfungaji wetu wa mwisho wa maana. Nilikwenda uwanjani, nikakaa nimefumba mdomo mpaka mpira ukaisha. Tulichapwa vibaya.

Nyumbani mume wangu alinipokea akicheka.

"Nimekusikia kwenye runinga, Mama Tindi. Vigelegele vyako vilikuwa juu kuliko vya wote."

"Sikufungua mdomo."

"Sauti yako nisiijue mimi?"

Siku hizi klabu zina haki ya kutunza sauti ya kila shabiki aliyewahi kuingia uwanjani na kuitumia zitakavyo. Sisi tukinuna, wanapiga kwenye spika sauti zetu za mwaka tuliotwaa ubingwa, nazo hazinuni. Nilimweleza hayo, akanitazama kama mtu aliyenikamata nikisema uongo.

Mechi iliyofuata nilimburuta twende wote, yeye ambaye mpira wa kikapu haujui wala hajawahi kukanyaga pale. Tukiwa tunachapwa tena, vigelegele vyangu vikalipuka kwenye spika. Baba Tindi akaniangalia midomo. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, na vigelegele vikaendelea.

Mume wangu huyo, ambaye hata watoto huwaita kwa upole, akasimama akaanza kuzomea. Kinasa sauti kilichokuwa juu yetu kikamgeukia, taa yake nyekundu ikawaka.

Nikamvuta shati. "Kaa chini, wanakurekodi."

"Warekodi," akasema. "Hii ndiyo nataka waipige wiki ijayo."

Nikasimama, nikazomea naye.