Chumvi ya Udongo

Kila baada ya miaka mitatu kaya zilihamishwa, na popote ziliposhushwa zilikuta nyumba ile ile: mlango wa kijani, na msumari wa kutundikia ungo pale pale. Majina ya miji nayo hayakukaa; yalibadilishwa kila mara. Watu walisahau walikopita, isipokuwa Nakijwa mfinyanzi, maana kila udongo ulimpa chungu cha aina yake. Wa mchanga ulitoa vyungu vizito, vifupi. Mwekundu ulitoa vyenye matumbo makubwa.

Safari hii, hata mizigo haijafunguliwa, alishuka mtoni na bintiye Namkunda. Alichota udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi kama mama yake alivyomfunza, kisha akaangua kicheko.

“Chumvi hii naijua!”

Walirudi mbio. Alipoanza kufinyanga, shingo ya chungu ilipanda, nyembamba na ndefu. Akatoa kapuni chungu cha zamani, akakiweka kando ya kile kipya. Mapacha!

“Hiki nilikifinyanga nikiwa na mimba yako, mwanangu.”

“Kwa hiyo mama, nilizaliwa hapa?”

“Hapa hapa!”

Namkunda alipiga vigelegele, akacheza akiwa na matope hadi viwikoni. Jirani akachungulia, akacheka naye bila kujua sababu.

“Karibuni, wageni!”

“Si wageni sisi!” Namkunda akajibu.

Nakijwa alimega donge, akamwekea binti yake kiganjani.

“Onja chumvi hii, uikariri. Siku wakikurudisha hapa, huenda nisiwepo kukwambia.”