Injini ya Kigari cha Marehemu

Injini ya kigari cha milango miwili alichoachiwa na marehemu baba yake ilikufa, na Shekue alitakiwa kuchagua nyingine. Fundi Hamadi aliweka mbili juu ya matairi.

"Chukua hii kubwa, bwana. Kigari chepesi hiki, kitaruka. Ile ya zamani, aina ileile iliyokufa, inakohoa kama babu yako."

"Ziwashe zote. Mama atachagua."

"Mama yako si haoni?"

"Kwani mlio unauangalia?"

Ile kubwa ilinguruma hadi mabati yakatetemeka. Mama, aliyeketi kando, akaendelea kutafuna tambuu. Ile ya zamani ikakohoa mara mbili, ikashika. Mama akatema tambuu, akainuka, akajitanda kanga vizuri na kugeukia mlangoni, kama alivyozoea kumpokea mumewe.

Fundi akanyoosha mkono aizime. Shekue akaushika.