Gundi ya Mathe

Sabuni haikusaidia. Majivu hayakusaidia. Mawese yalitoa kidogo, yakabakiza harufu yote. Mama Kanyere akasugua vidole kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka moto, lakini gundi ya bangi ilikuwa palepale, na kengele ya kanisa ilishalia.

Kosa ni la shemeji yake Mathe, ashindwe! Kila msimu huyo bwana aliweka mbegu za mmea unaonata kuliko mingine, akapanda hizo, akachagua tena. Sasa ametoa kitu ambacho nzi akitua juu yake harudi kwao.

"Batu ba Butembo banataka yenye kunata sana," alimwambia siku ile akimpa mbegu. "Na nimepatia weye tu, shemeji. Usiseme kwa mutu."

Hakusema. Alizipanda katikati ya mihogo, akavuna jana Jumamosi, akaenda kuongoza mazoezi ya kwaya ya wamama kama kawaida.

Ila leo commandant Gustave, mkuu wa polisi aliyehamishiwa huku kutoka Kasai, alikuja kusali kwao. Jumapili iliyopita alisali huko Beni, akasimama mlangoni, akasalimia watu wote mkono kwa mkono. Watatu walilala gerezani.

"Ule mwenye kushika bangi," alijisifu, "hata akatae, mukono yake itasema."

Pasteur Éliakim alihubiri juu ya majani ya shetani. Alipiga meza. Alisema mwenye kuyalima atatengwa na kanisa, hata awe mwimbaji. Kanyere akaficha viganja chini ya kitenge. Gereza, halafu kutengwa, na yeye ni mjane. Watoto wake nani atawapikia? Na kutoroka hakuna, mlango ni mmoja.

Ibada ikaisha. Gustave akasimama nje ya mlango, akanyoosha mkono. Kwa kawaida yao pasteur hutoka wa kwanza, mashemasi humfuata, halafu kwaya. Kanyere alijipanga nyuma ya mashemasi, midomo ikiita jina la Yesu bila sauti.

Pasteur Éliakim akamtabasamia commandant, akakunja ngumi, akampa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kukanda unga.

"Siku ya Mungu njema, commandant."

Nyuma yake, mashemasi wote walikuwa tayari wanapandisha mikono ya makoti yao.